Spicer-Simson wa Ziwa Tanganyika: siku alizokataa kupigana

Asubuhi ya tarehe 10 Februari 1916, meli ya Kijerumani Graf von Götzen ilionekana ikipita polepole mbele ya Lukuga, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie. Ilikuwa inamtafuta mwenzie, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann, aliyetoka na hakurudi. Waingereza waliokuwa ufukweni walijua aliko: chini ya maji, tangu jana yake. Ndio waliomzamisha. Walikuwa tayari kuingia botini, wakingoja neno moja tu kutoka kwa mkubwa wao. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson akaitazama Götzen mpaka ikapita, na neno lenyewe likawa hapana.

Mtu huyo alivishwa DSO, nishani ya Uingereza ya utumishi bora vitani, kwa kazi aliyoifanya katika ziwa hilo. Wabelgiji nao wakamtunuku za kwao. Kisha, mpaka anaondoka jeshini, hakukabidhiwa tena hata mtumbwi wa kuamuru. Kupambwa na kuwekwa kando kwa kazi ileile moja si jambo la kila siku, na ndiyo maana nimeona kisa chake kinastahili kufunguliwa kipande kwa kipande.

Wengi waliomwandika wamemfanya kichekesho: mwanamaji wa Kiingereza mwenye chale mwili mzima, anavaa sketi ya kaki katikati ya Afrika, anatamba kwa hadithi za uongo. Vituko hivyo vilikuwepo. Lakini kicheko kimefunika swali zito zaidi. Spicer-Simson alikataa kupigana mara mbili ndani ya miezi minne, Februari na Juni 1916, na watu huyatupa matukio hayo mawili kapu moja kwa jina la woga. Mimi nayatenganisha.

Miaka 25 ya mikosi

Alizaliwa Hobart, Tasmania, tarehe 15 Januari 1876, na akaingia Jeshi la Wanamaji la Uingereza akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka 1905 alibuni njia ya kusaka nyambizi: manowari mbili ndogo zikokote kamba ya chuma katikati yao ili inase. Katika mazoezi nusura aizamishe nyambizi ya jeshi lake mwenyewe. Akapandisha manowari nyingine mchangani. Nyingine tena, ikiwa chini ya amri yake, ikagongana na mashua iliyobeba mabaharia, na mtu akafa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alipewa kikosi kidogo cha pwani huko Kent, na tarehe 11 Novemba mwaka huohuo manowari yake moja, Niger, ikapigwa torpido na nyambizi ya Kijerumani karibu na Deal, mkubwa mwenyewe akiwa nchi kavu. Akarudishwa mezani, kwenye makaratasi ya Wizara ya Wanamaji.

Katikati ya mikosi hiyo kuna miaka michache ambayo wasimuliaji huiruka kwa sababu haina kioja: tangu 1911 hadi 1914 alikuwa Gambia akipima mto. Kupima mto ni kutupa timazi, yaani kamba yenye uzito mwishoni, kusoma kina, kuandika, kusogea hatua chache, kutupa tena. Hakuna nishani inayotolewa kwa kazi hiyo. Lakini ni kazi ya kabla ya 1915 ambayo hatusikii kwamba aliiharibu, na ninamwomba msomaji aishike mkononi, tutairudia.

Boti juu ya mlima

Wazo la kupeleka boti Tanganyika halikuwa lake. Mwezi Aprili 1915 mwindaji mmoja aitwaye John Lee alifika London na kuwaeleza wakubwa wa wanamaji jinsi Wajerumani walivyolishika ziwa zima. Meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ilikuwa imeharibiwa tangu Agosti 1914. Ya Waingereza upande wa kusini nayo haikuwa na kazi tena. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 670. Anayelimiliki anahamisha askari wake kutoka kaskazini hadi kusini kwa siku chache, na adui anazunguka kwa miguu. Lee alisema boti ndogo zenye kasi zinaweza kuletwa kwa reli kutoka Afrika Kusini mpaka Katanga, kusini mwa Kongo, kisha zikavutwa porini.

Wakubwa walikubali, ila maofisa wazuri wote walikuwa baharini. Aliyebaki mezani ni Spicer-Simson, umri wa miaka 39, Luteni-Kamanda asiyepanda cheo. Alikuwa anajua Kifaransa vizuri, jambo la maana kwa mtu anayekwenda kuishi na Wabelgiji, na alikuwa ameishi Afrika. Akapewa kazi.

Boti zilikuwa mbili, zilizojengwa na kampuni ya Thornycroft, mbao tupu, urefu wa mita 12, injini mbili za petroli, mwendo wa noti 19, yaani kilomita zipatazo 35 kwa saa. Mbele zilifungwa mzinga mdogo, nyuma bombomu. Spicer-Simson alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wizara ikakataa, hazikuwa na heshima. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, wizara ikapitisha bila kujua kwamba ni yaleyale: ndivyo watoto wa Kifaransa wanavyomwita paka na mbwa. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunapata mzaha wa pili ambao mwenyewe hakuukusudia. Mtu aliyejipenda kiasi kile alileta ziwani kwetu boti inayoitwa Mimi.

Waliondoka Tilbury tarehe 15 Juni 1915, wakafika Cape Town mwanzoni mwa Julai, wakapanda treni hadi Fungurume, Katanga, reli ilipoishia. Hapo ndipo safari ilipoanza kweli. Kulikuwa na kilomita 235 za msitu na milima ya Mitumba kabla ya kuipata reli nyingine fupi huko Sankisia. Injini mbili za mvuke za kukokota, maksai kwa makumi, na juu ya vyote watu: Wakongo waliofyeka njia, wakajenga madaraja ya magogo, wakasukuma na kuvuta. Injini za mvuke zinakunywa maji kuliko punda, na ukame ulikuwa umebana. Wanawake wa vijiji vya jirani walibeba maji vichwani kuzinywesha. Penye miteremko boti zilishushwa kwa kamba. Msafara ulitoka Fungurume katikati ya Agosti ukafika Sankisia mwisho wa Septemba. Kutoka hapo reli hadi Bukama, kisha mto Lualaba uliokuwa umekauka hata boti zikakwama mchangani mara kwa mara, kisha Kabalo, kisha reli ya kwenda ziwani. Mwishoni mwa Oktoba walikuwa Lukuga.

Ukiniuliza ushindi wa Tanganyika ulipatikana wapi, nitakuonyesha kilomita hizo 235. Wajerumani hawakuwa na habari za kutosha za boti za kasi kwa sababu hakuna mwenye akili timamu aliyetarajia ziletwe kwa njia ile. Lee, aliyetangulia kupasua njia, alikuwa ameshaondolewa msafarani kwa tuhuma za ulevi na kutoboa siri. Wapagazi walirudi makwao. Majina yao hayapo katika orodha yoyote ya waliotunukiwa, na hii siitaji kama lawama ya ziada, ni sehemu ya hesabu: nishani ya Spicer-Simson iliegemea migongo ya watu wengine kuliko nishani nyingi za wanamaji.

Lakini tumpe haki yake. Boti mbili za mbao zilisafiri kilomita zipatazo 16,000 kwa meli, treni, maksai na mto, zikafika nzima. Mtu mzembe hafikishi mzigo wa namna hiyo. Huyu ni yule mpima mto wa Gambia.

Siku 46

Boti zilishushwa majini tarehe 22 na 23 Desemba. Jumapili ya tarehe 26 Spicer-Simson alikuwa anaongoza sala ufukweni wakati Kingani, boti ndogo ya Kijerumani, ilipoonekana inakuja kupeleleza. Alimaliza sala kwanza. Kisha Mimi na Toutou zikatoka nyuma yake.

Kingani ilikuwa na kasoro moja iliyoiua: mzinga wake uliweza kupiga mbele tu. Mwenye kasi anayemfuata kwa nyuma anapiga bila kupigwa. Ofisa wake, Junge, aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, na waliobaki wakateremsha bendera. Boti ikavutwa hadi Lukuga, ikazibwa matundu, ikaongezewa mzinga mkubwa zaidi na kupewa jina la Fifi. London walifurahi mno. Pongezi za mfalme zikaja, na Spicer-Simson akapandishwa kuwa Kamanda kuanzia siku hiyohiyo ya mapigano.

Tarehe 9 Februari ikaja zamu ya Hedwig von Wissmann, chini ya Luteni Odebrecht. Mara hii Spicer-Simson alikuwa ndani ya Fifi, na mambo hayakwenda kwa ulaini. Fifi ilikuwa nzito. Kila mzinga ulipolia ilishtuka na kupoteza mwendo, na Hedwig ikawa inaponyoka. Aliyeokoa siku ni Wainwright, ofisa aliyekuwa akiongoza Mimi. Aliikaribia Hedwig akaipiga kwa nyuma, Odebrecht akalazimika kugeukageuka ili ajibu, na Fifi ikapata nafasi ya kumfikia. Fifi ilikuwa imebakiwa na makombora machache mno, tena moja likakwama ndani ya mzinga, kabla haijapata shabaha. Hedwig ikaungua na kuzama, Odebrecht akatekwa.

Kuanzia Kingani hadi Hedwig ni siku 46. Hizo ndizo vita zote alizopigana Spicer-Simson majini Tanganyika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa na mfalme. Simulizi za waliokuwa naye zinamwonyesha akizidi kujikweza, akigombana na maofisa wa Kibelgiji juu ya nani mkubwa, akitembea na sketi yake mbele ya watu waliotoka vijijini kuja kumtazama.

Waholoholo wa ufuko ule wakampa jina. Waingereza waliliandika "Bwana Chifunga-Tumbo" na wakajiambia kwamba wenyeji wanamwabudu. Hapa naomba ruhusa ya kucheka kidogo. Kifungatumbo ni kitu cha kufungia tumbo. Sidhani kama kuna watu wa Bantu waliowahi kumpa mungu wao jina la namna hiyo; ila jina la utani la mtu mzima anayetembea amejifunga kitambaa kiunoni huku akijiona, hilo tunalijua, na kila kijiji kina mtu wa kulitunga.

Kukataa kwa kwanza

Sasa turudi ufukweni tarehe 10 Februari. Vijana wake walitaka kutoka. Walikuwa wameshinda mara mbili, adui anapita mbele yao pole pole, peke yake.

Adui huyo alikuwa nini? Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaunganishwa upya na kuteremshwa majini Februari 1915. Ni meli ya zaidi ya tani 1,000. Na mbele yake palikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyomalizwa mtoni Rufiji Julai 1915. Ulipiga mbali kuliko silaha yoyote iliyokuwa mikononi mwa Waingereza ziwani. Kombora moja la mzinga ule lingetosha kuifanya Mimi kuni.

Na Waingereza walikuwa na nini asubuhi ile? Fifi iliyokuwa imemaliza karibu makombora yake yote jana yake. Boti za mbao zilizobeba petroli. Ile mbinu ya kumjia adui kwa nyuma ilifaa kwa Kingani kwa sababu Kingani ilikuwa na mzinga mmoja usiogeuka. Kwa Götzen isingefaa: kuifikia tu ungepita kilomita kadhaa ndani ya eneo la mzinga wake.

Wanaosema aliogopa hawajaonyesha ni kwa vipi angeshinda. Angepoteza Fifi na pengine boti zote, na ziwa lingerudi mikononi mwa Wajerumani jioni ileile, na jasho la Mitumba lingekuwa bure. Mpima mto aliiona meli, akakadiria urefu wa mzinga wake, akahesabu makombora yake, akakataa. Kama ningekuwa hakimu wa mahakama ya kijeshi ningemwachia huru kabla ya chai.

Kosa lake la wakati huo lilikuwa jingine. Aliondoka. Alikwenda mwenyewe mpaka upande wa pili wa Kongo kutafuta meli kubwa zaidi, akaipata moja ya chuma, St George, akapanga ivunjwe na kuletwa ziwani. Hakurudi mpaka Mei. Kwa miezi karibu mitatu kikosi kilikaa bila mkubwa wake, ilhali kazi ya kufuata meli ingeweza kufanywa na ofisa wa chini.

Kukataa kwa pili

Mwanzoni mwa Juni 1916 Waingereza wa nchi kavu, chini ya Luteni Kanali Murray, walikuwa wanasogea kutoka kusini kuelekea Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, mkoani Rukwa. Kazi ya wanamaji ilikuwa nyepesi kuieleza: zibeni njia ya maji, askari wa Kijerumani wasitoroke.

Spicer-Simson alifika tarehe 5 Juni na boti zake. Akaona ngome nyeupe juu ya rasi na midomo ya mizinga ikitazama ziwani. Akaona pia majahazi yaliyofungwa chini yake. Maofisa wake walitaka angalau majahazi yaharibiwe. Akasema ngome ina mizinga, akageuza, akarudi Kituta upande wa kusini. Usiku Wajerumani wakapanda majahazi yao wakaondoka zao. Murray alipoingia ngomeni aliikuta tupu, na mizinga ile iliyomtisha mwanamaji ilikuwa magogo.

Mnaweza kukisia maneno aliyoambiwa.

Kwa juu juu uamuzi huu unafanana na wa Februari: boti za mbao, mizinga mikubwa, busara. Tofauti ni kwamba Februari alikuwa anakijua anachokikataa. Kasanga alitazama kwa mbali tu. Hakutuma boti moja ya noti 19 ipite kwa kasi ione kama ngome itajibu. Hakungoja giza akasogea kwenye majahazi. Hata kukaa nje ya rasi, mbali na mizinga, kungoja watakaotoka usiku, hakufanya, na hapo mizinga iwe ya chuma au ya mti isingebadili kitu, kwa sababu majahazi yanayokimbia hayaendi na ngome. Mtu ambaye Gambia asingeandika kina cha mto bila kutupa timazi, Kasanga aliandika kina kwa kuangalia rangi ya maji.

Kwa nini? Wapo wanaosema ni tabia: mtu wa majigambo akikutana na hatari ya kweli hunywea. Sikubali, kwa sababu tarehe 9 Februari alikuwa mbele, ndani ya Fifi, makombora yakimwishia. Nionavyo mimi, hofu yake haikuwa ya kufa. Miaka 25 alikuwa mtu wa mikosi, halafu kwa siku 46 akawa shujaa. Alikuwa na kitu cha kupoteza kwa mara ya kwanza maishani. Boti moja ikizama Kasanga, ripoti ya London inarudi kuwa ripoti ya yule wa Niger. Alilinda rekodi badala ya kuziba ziwa. Afya nayo ilikuwa inamwacha. Haukupita muda mrefu baada ya Kasanga akarudishwa Uingereza akiwa mgonjwa, mishipa imechoka.

Kuna kipande kimoja zaidi kinachouma. Wakati wa majira hayohayo Wajerumani walikuwa wameshautoa mzinga wa Königsberg kwenye Götzen na kuupeleka kwa jeshi la nchi kavu, na mahali pake wakaweka wa mti. Ndege za Kibelgiji zikaishambulia Kigoma. Reli ya kati ilipokaribia kukatwa, tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi kwa matumaini ya kuja kuiopoa. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma kwa nchi kavu. Meli iliyomfanya Spicer-Simson avuke Kongo nzima kutafuta mwenzake wa kupambana nayo haikupigwa na mwanamaji yeyote wa Kiingereza.

Nishani na meza

Wizara ilimpa DSO kwa Kingani, kwa Hedwig na kwa safari. Pia ilimkaripia kwa mwenendo wake, na ikamrudisha mezani katika idara ya ujasusi wa wanamaji. Watu huona hapo unafiki. Mimi naona mwajiri aliyeelewa, ingawa kwa kuchelewa, ana mtu wa aina gani. Mwaka 1919 Kifaransa chake kilimpeleka kwenye mkutano wa amani wa Paris kama mkalimani. Mwaka 1921 nchi zenye bahari zilipoanzisha ofisi ya kimataifa ya hidrografia huko Monaco, yaani ya kulinganisha vipimo vya kina na ramani za bahari, katibu mkuu wake wa kwanza akawa Spicer-Simson. Alikaa hapo mpaka 1937, miaka 16, akishughulika na timazi, ramani na barua za Kifaransa.

Alifariki tarehe 29 Januari 1947 huko British Columbia, Kanada. Waingereza walikuwa wameiopoa Götzen mwaka 1924, injini zake bado zina grisi, na tangu Mei 1927 ilikuwa inabeba abiria, dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia ya leo, kwa jina la Liemba. Safari zake zilipita Kasanga.